Safari ya Maji: Kutoka Kilosa Hadi Mikumi

Ndugu msomaji, leo twende pamoja Kilosa. Kutoka Kilosa tutakwenda Mikumi. Hatuendi kutazama tembo, ingawa huenda tukawaona njiani. Tunakwenda kuonja maji ya kunywa.

Labda utacheka. Utasema maji ni maji, yana ladha gani? Lakini mpe mtoto wako kikombe cha maji yaliyochemshwa kwa kuni mbichi. Atakunywa funda moja, atakunja uso, kisha atakurudishia kikombe. Baadaye atakwenda mtoni na wenzake. Huko atakunywa kwa viganja mpaka akinai. Kazi yako yote ya kuchota, kuchuja na kuchemsha imepotea bure.

Mimi mwenyewe nilikuwa kama mtoto huyo. Nilipofika Kilosa mara ya kwanza nilipanga chumba kwa mama mmoja. Kila asubuhi alinipa chupa ya maji ya kuchemsha. Maji yale yalinuka moshi. Niliona haya kumwambia. Nikawa nayamwaga nyuma ya nyumba, kisha ninakwenda kunywa maji ya kisima kimoja kisicho na mfuniko. Yalikuwa ya baridi na matamu. Baada ya siku chache nilishikwa na tumbo la kuhara damu. Nililala siku nne. Mama yule alinipikia uji na kunipeleka kwa mganga wa zahanati. Hakuniuliza juu ya ile chupa. Nafikiri alijua.

Tangu wakati ule, nikiingia katika nyumba ya mtu, huuliza mambo mawili. Maji haya mmeyatengenezaje? Na je, watoto wanayapenda?

MTO MKONDOA

Kilosa iko katika Mkoa wa Morogoro, chini ya milima. Reli ya kati inapita hapo. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme nayo inapita Kilosa ikitoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Ukitoka Morogoro unapita tambarare ya Mkata, kisha milima inakusogelea. Ukiona milima imekuwa mirefu mbele yako, jua kwamba Kilosa iko karibu.

Mto wa Kilosa ni Mkondoa. Unatoka milimani, unapita mjini, kisha maji yake yanaingia katika Mto Wami na kwenda baharini. Wakati wa kiangazi unaweza kuona mchanga wake. Wakati wa masika hubadilika, ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto huu ulifurika. Nyumba zilianguka, reli ikakatika, na maelfu ya watu wakahamia katika mahema. Mafuriko yakiingia kijijini, maji ya vyoo na maji ya visima huwa kitu kimoja. Hapo ndipo mtu huona thamani ya sufuria moja ya maji yaliyochemka.

Ushauri wa kuchemsha maji si mgeni kwetu. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kupeleka maji safi karibu na kila mwananchi wa vijijini. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Wazee wengi wanaikumbuka. Siku hizi kazi ya maji ya vijijini iko chini ya RUWASA, wakala ulioanzishwa mwaka 2019. Mabomba yameongezeka. Hata hivyo bomba huharibika, pampu hukatika, na watu hurudi mtoni. Kwa hiyo sufuria bado ina kazi.

Tulifundishwa kuchemsha. Lakini ni wachache waliotueleza kwa nini maji yakichemshwa huwa chapwa, na tufanye nini.

BIBI NA MBEGU ZA MLONGE

Nyumba ya kwanza niliyoingia safari hii ilikuwa ya bibi mmoja, si mbali na mto. Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu maji." Akacheka, maana nilikuwa nimekwisha kumweleza habari ya safari yangu.

Uani kwake kuna mti wa mlonge. Bibi huyu hachemshi maji ya tope. Anasema ukichemsha tope unapata tope la moto. Ni kweli. Tope lina majani yaliyooza na uchafu mwingine, na ladha yake haiondoki kwa moto.

Yeye huanza hivi. Maji huyaacha katika ndoo yenye kifuniko usiku kucha. Asubuhi tope limelala chini. Huyamimina maji ya juu polepole, akiyapitisha katika kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Yakiwa bado meupe kama maziwa, hutumia mlonge. Huchukua mbegu zilizokauka, huzimenya, kisha huzitwanga zikawa unga laini. Kwa ndoo ya lita 20 vijiko viwili vidogo vya unga vinatosha. Unga huo huutia katika kikombe cha maji safi, hutikisa kwa dakika tano, kisha huuchuja na kuumimina ndani ya ndoo. Hukoroga haraka kwa dakika mbili, halafu polepole kwa dakika 10 au 15. Baada ya hapo huiacha ndoo itulie kwa saa moja au zaidi. Unga wa mlonge hushikana na tope, na vyote huzama.

Nilitazama ndani ya ndoo. Niliona mpaka chini.

Lakini sikiliza sana hapa, msomaji. Maji meupe si lazima yawe salama. Mlonge hupunguza vijidudu, haumalizi. Bibi bado huyachemsha. Jambo la pili, maji ya mlonge yasikae zaidi ya siku moja. Mabaki ya mbegu huanza kuoza, na maji hupata harufu mbaya. Bibi hutengeneza ya siku hiyo hiyo tu.

KWA NINI MAJI YA KUCHEMSHA NI CHAPWA

Jirani wa bibi ni mama mwenye watoto watano. Yeye ndiye aliyenifundisha zaidi ya wote.

Ndani ya maji kuna hewa. Ndiyo, hewa! Huioni, lakini samaki huvuta hewa hiyo. Maji ya mto yanayoruka juu ya mawe yana hewa nyingi, ndiyo maana ukiyanywa unasikia uhai mdomoni. Ukiyachemsha, hewa hutoka. Vipovu vidogo unavyoviona pembeni mwa sufuria kabla maji hayajachemka, vingi ni hewa inayokimbia. Maji yaliyobaki hayana kosa, ila yamepooza.

Dawa yake ni kuirudisha hewa. Mama huyu huyaacha maji yapoe ndani ya sufuria iliyofunikwa. Kisha huchukua vyombo viwili alivyoviosha kwa maji ya moto. Huyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine, akiinua mkono juu. Hufanya hivyo mara saba au nane. Umemwona muuza chai akipoza chai kwa vikombe viwili? Ni vile vile. Ukipenda, jaza dumu safi nusu tu, lifunge, ulitikise.

Niliyaonja kabla na baada. Wala huhitaji kuniamini mimi, jaribu nyumbani leo. Haigharimu hata senti.

Kuhusu moshi, mama huyu alikuwa na maneno makali. "Watu wanalaumu kuchemsha," alisema. "Wangelaumu kuni mbichi." Moshi huingia katika maji ukiwa sufuria iko wazi. Tumia kuni kavu na mfuniko unaobana. Tenga sufuria moja ya maji tu. Sufuria iliyopikiwa dagaa jana, leo itakupa maji ya dagaa.

Tena usichemshe kupita kiasi. Wengi huacha maji yachemke nusu saa. Kuni zinakwisha na maji yanazidi kuwa chapwa. Maji yakichemka kwa nguvu, yaani mapovu makubwa yakiruka kila mahali, dakika moja inatosha. Kama unakaa juu kabisa milimani, acha dakika tatu, maana huko maji huchemka kabla hayajapata moto mkali.

Baada ya hapo maji huingia katika mtungi. Mtungi wa udongo hutoa jasho. Jasho likikauka, linachukua joto, na maji ya ndani yanakuwa baridi bila barafu wala umeme. Uweke kivulini mahali penye upepo. Mtungi mpya hutoa ladha ya udongo. Ujaze maji, umwage, ujaze tena, kwa siku kadhaa kabla ya kuutumia. Usiuoshe kwa sabuni, kwa sababu udongo hunywa sabuni na baadaye hukurudishia. Tumia maji ya moto na brashi. Watu wa pwani hufukiza mtungi mtupu kwa ubani, kisha hutia maji. Yananukia vizuri. Nimeyanywa huko, ila kwangu yanafanana kidogo na msiba. Kila mtu na pua yake.

Hatari ya mtungi ni mkono. Mtoto akitumbukiza kikombe na vidole vyake, vijidudu vinarudi ndani na kazi ya moto imeharibika. Mama yule anayo kata moja yenye mpini mrefu. Inaning'inia ukutani. Hakuna mwingine anayeigusa isipokuwa yeye na binti yake mkubwa. Chombo chenye mfuniko na koki ni bora zaidi, kama unaweza kukipata.

ULAYA YA KILOSA

Siku ya pili tulishika njia ya Mikumi. Ni karibu kilometa 70. Katikati ya safari unafika Ulaya. Usishangae, huhitaji pasi wala ndege. Ni Ulaya ya Wilaya ya Kilosa, yenye mahindi, ufuta na misitu ya miombo.

Sehemu hizi zinajulikana kwa mkaa. Tangu mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya Kilosa, kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwa, viliingia katika mpango wa kuchoma mkaa kwa utaratibu. Msitu wa kijiji ulitengewa sehemu ya kuvuna, ikagawanywa vitalu. Kitalu kikikatwa, visiki huachwa vichipue, na kitalu hicho hupumzishwa miaka 24. Fedha za ushuru zilisaidia kazi za kijiji.

Mimi nilitaka mkaa kwa sababu nyingine. Mkaa hula harufu. Ukiuvunja kipande na kukitazama vizuri, utaona kina vitundu vidogo mno. Ndani ya vitundu hivyo harufu, rangi na ladha mbaya za maji hunaswa. Hata viwanda vya kusafisha maji mijini hutumia mkaa uliotengenezwa kwa namna ya pekee. Mkaa wetu wa jikoni hauna nguvu kama ule, lakini unasaidia.

Mzee mmoja alinionyesha chujio lake. Ni ndoo iliyotobolewa matundu madogo chini. Ndani ameweka kitambaa, kisha kokoto ndogo, kisha mkaa uliopondwa ukubwa wa punje za mahindi, kisha mchanga wa mtoni, na juu kabisa kokoto tena. Vyote vimeoshwa mpaka maji yake yakatoka meupe. Maji ya kwanza kupita humo ni meusi. Anayamwaga kwenye migomba. Anaendelea mpaka yatoke safi. Harufu ya maji ikianza kurudi, hubadilisha mkaa.

Nilimwuliza, "Mzee, baada ya hapa unakunywa?" Akanitazama kama mtoto. "Nitakunywaje? Bado moto." Amesema vema. Mkaa hauui vijidudu. Tena mkaa wenye unyevu unaweza kuvifuga. Chuja kwanza, chemsha baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, yaani ukachemsha kisha ukachuja kwa mkaa, unaweza kurudisha maradhi ndani ya maji safi. Usitumie mkaa uliowashwa kwa mafuta ya taa, wala uliolala karibu na dawa za mashamba.

Mzee huyo aliniambia pia juu ya vishimo vya mchanga. Kiangazi, watu huchimba kando ya mto badala ya kuteka katikati. Maji hupenya mchangani na kutoka yakiwa meupe zaidi. Tembo nao hufanya hivyo hivyo katika mito iliyokauka. Sijui nani alimwiga mwenzake.

Kisima cha pampu kikiwa na maji yenye ladha ya chuma, yanayoacha kutu kwenye ndoo na madoa kwenye nguo nyeupe, tumia hewa tena. Mimina maji kutoka juu mara nyingi, yaache yalale usiku kucha. Chuma hugeuka kutu na kuzama. Asubuhi pitisha maji ya juu katika mchanga. Lakini maji ya chumvi ni habari nyingine. Kitambaa, mchanga, mkaa na moto haviondoi chumvi. Kuchemsha huongeza ukali wake, kwa sababu maji hupungua na chumvi inabaki. Mwenye kisima cha namna hiyo afikirie kuvuna maji ya mvua kwa kunywa, na mvua ya kwanza aiache ioshe bati.

MIKUMI

Mikumi ni jina la miti. Mikumi ni ile mirefu jamii ya mnazi, yenye majani kama kipepeo cha kupepea moto. Mji umekaa kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, karibu na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Malori yanapita usiku na mchana. Madereva wanasimama kula.

Katika kibanda cha mama lishe mmoja niliona ndoo mbili za chujio zenye mshumaa wa udongo ndani. Maji humwagwa ndoo ya juu, hupenya katika mshumaa, hudondoka ndoo ya chini. Mama alinung'unika kwamba yalipokuwa mapya maji yalinuka plastiki na chokaa. Wateja walikataa. Alitaka kulitupa.

Nilimwambia asilitupe. Mshumaa mpya hutoa ladha ya udongo. Maji ya mara mbili au tatu za kwanza yatumike kuoshea vyombo. Mshumaa ukiziba, usugue polepole kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni. Ndoo mpya ioshwe kwa sabuni na kusuuzwa sana. Kisha ijazwe maji na maji ya ndimu, ikae usiku kucha. Baadaye iachwe wazi ipate upepo. Harufu itapungua siku hadi siku. Lakini ndoo iliyowahi kutiwa rangi ya nyumba au dawa ya kuua wadudu wa shambani haifai kwa maji ya kunywa. Hata ukiiosha mwaka mzima, haifai.

Wengine Mikumi hutumia dawa ya maji, ya vidonge au ya majimaji. Hiyo hunuka kama maji ya kufulia nguo nyeupe, na watu huikimbia. Soma maandishi ya pakiti, sasa unaweza kusoma! Tia kipimo kilichoandikwa, usizidishe. Ngoja dakika 30. Kama maji yana tope, yachuje kabla ya kutia dawa, kwa sababu tope hula dawa na huongeza harufu. Baada ya hizo dakika 30, funika chombo kwa kitambaa chepesi safi kwa saa chache. Harufu itapungua yenyewe. Usiyapitishe katika mkaa ukadhani yatabaki na ulinzi, maana mkaa huiondoa dawa yote. Ukitaka ndimu, subiri dawa imalize kazi yake kwanza.

Mama lishe alinisikiliza, kisha naye akanifundisha. Nyuma ya kibanda ana kichaka cha mchaichai. Maji yakikaribia kuchemka, hutia majani machache yaliyooshwa na kufungwa fundo. Yakichemka huyatoa majani, hufunika sufuria, huacha ipoe. Siku nyingine hutumia kipande cha tangawizi. Hatii sukari, kwa sababu sukari huwaita vijidudu na nzi. Maji hayo huyatumia siku ile ile, hayalali. Binti yake, anayesoma darasa la pili, alikuja kutoka shule akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikunywa vikombe viwili bila kupumua, akaomba cha tatu.

"Huyu ndiye aliyekuwa hataki," mama alisema. "Mwaka juzi nilimlaza zahanati mara mbili."

Alinijazia chupa ya njiani. Basi la Morogoro likaja, nikapanda. Barabara inapita katikati ya hifadhi, na madereva wanatakiwa kwenda polepole kwa ajili ya wanyama. Niliona twiga watatu na nyani wengi. Jirani yangu kitini aliuliza chupa yangu ina nini, mbona inanukia. Nikampa aonje. Tulipofika Doma ilikuwa tupu.